Kabla Hujanunua Pawa Saplai Nyingine

Kompyuta ya mezani ikianza kukatika katikati ya kazi na kujiwasha yenyewe, wengi hukimbilia dukani kununua pawa saplai. Muuzaji anauza, fundi anafunga, na kesho yake mashine inakatika vilevile. Pawa saplai ni mshukiwa wa kwanza, sikatai, lakini ana wenzake, na kuanza kuwatenganisha hakugharimu zaidi ya saa moja ya utulivu. Cha kuangalia ni namna mashine inavyokatika.

Anza na Windows. Kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya inapokwama, hivyo skrini ya bluu inaweza kupita usiione. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya Startup and Recovery, uondoe alama ya vema kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, kama tatizo ni dereva au RAM, mara nyingi skrini itaganda na ujumbe wake, nawe utakuwa na pa kuanzia. RAM ipime kwa kuandika mdsched mahali palepale.

Ikiwa bado inakatika kama iliyochomolewa ukutani, fungua Event Viewer. Karibu hakika utakuta Kernel-Power namba 41. Mafundi wengi huisoma kama hukumu dhidi ya pawa saplai, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Namba hiyo inasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Ingia kwenye Details utazame BugcheckCode: ikiwa ni 0, kuna uwezekano mkubwa mashine imekatwa umeme au imeganda kabisa kabla Windows haijaandika chochote.

Joto lina tabia yake. Mashine hufanya kazi vizuri kwa muda, feni zinaanza kuvuma, inazima. Ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto za prosesa. Zikikaribia 100, safisha vumbi, ukishika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, na ubadilishe pesti ya joto iliyokauka.

Umeme wa ukutani nao usiusahau. Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri hustahimili umeme kupotea kwa takriban milisekunde 16 tu. Taa ikipepesa kidogo au plagi ikilegea kwenye ekstensheni, mashine inaanguka. Ihamishie kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, na uangalie kama inakatika pale friji au pampu ya maji inapoanza. Kama unatumia UPS, ijaribu mashine bila UPS pia: betri iliyochoka hukata mzigo ghafla, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na UPS za bei rahisi.

Dalili ya pawa saplai yenyewe ni kukatika mzigo unapopanda. Ukiandika barua iko salama. Ukifungua gemu au kutengeneza video, inazima. Sababu ni hii: kuna waya wa kijivu unaopeleka ishara kwenye mazabodi kwamba umeme uko sawa. Volti zikiyumba ishara inakatwa, na mazabodi inaanza upya. Mwenye multimita apime kati ya waya wa njano na mweusi mashine ikiwa kazini: isome kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu iwe kati ya 4.75 na 5.25. Hata hivyo multimita haioni mtikisiko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo kipimo kizuri hakiiachii huru pawa saplai. Jaribio linalomaliza ubishi ni kuazima nyingine nzima na kuifunga kwa siku kadhaa. Usiifungue hiyo mbovu: kapasita za ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na zinaweza kuua.

Ikithibitika ni yenyewe, nenda ukanunue, lakini usisome namba kubwa iliyo kwenye boksi. Igeuze pawa saplai, tafuta jedwali dogo ubavuni, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta boksi linasema wati 500 na mstari huo unasema ampea 16, unauziwa wati 192 za kazi, zilizobaki ni maandishi. Pawa saplai halali ya wati 550 huwa na zaidi ya ampea 40 pale.

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Chukua Core i5-12400F, inayofika wati 117, na RTX 3060, wati 170. Ongeza kama 60 za diski, feni na mazabodi: unakaribia 350. Kadi za grafiki huruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi sana, ndiyo maana NVIDIA hupendekeza 550 kwa kadi hiyo. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki inatosheka na 300 za kweli. Nembo ya 80 Plus inahusu umeme unaopotea kama joto, si uimara, lakini mimi singenunua isiyo nayo.

Mashine za ofisi zilizotumika zina mtego wake. Dell OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, hutumia plagi kuu ya pini 8, si 24, na zile zenye kasha dogo hazipokei pawa saplai ya kawaida. Nenda na ile ya zamani mkononi. Ikiwa mpya ina swichi ya 115 na 230 nyuma, iweke 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo italipuka papo hapo. Na kebo zinazochomoka za pawa saplai ya zamani usizihamishie kwenye mpya, hata zikiingia sawasawa, kwani mpangilio wa pini upande huo hutofautiana na unaweza kuunguza diski zote.

Ukishafunga, ipe mashine kazi nzito siku hiyohiyo kwa saa moja hivi. Muda wa kurudisha mkubaliane kabla hujalipa, na muuzaji auandike kwenye risiti.