SOMO LA MWEZI: Ukiongea na daktari kwa simu, usifiche



Matibabu ya kansa hayaishi siku moja. Baada ya upasuaji, mionzi au dawa za mishipani, daktari hufuatilia hali ya mgonjwa kwa muda mrefu. Kutoka hapa Nakivale hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, Kampala, safari ni ndefu na nauli ni nyingi. Mwaka 2020, Uganda iliposimamisha magari ya abiria kwa sababu ya korona, simu iliwasaidia wengi. Hata leo inasaidia, lakini ina mtego wake.

Nilimsindikiza mama mmoja aliyetibiwa kansa ya shingo ya kizazi. Daktari alipopiga, nilifungua spika pale uani ili nitafsiri. Mwanawe wa kiume na majirani walikuwepo. Daktari akauliza, "Damu inatoka?" Mama akajibu, "Hapana, niko salama." Tulipobaki wawili akaniambia, "Mwanangu, ningelisemaje jambo hilo mbele ya mtoto wangu?" Kumbe damu ilikuwa ikimtoka kwa wiki mbili. Kosa lilikuwa langu. Siku hiyo hiyo tulipiga tena, tukiwa ndani, na daktari akamwita akapimwe haraka.

Kwenye simu daktari anaona kwa masikio tu. Usilolisema, halijui.

KABLA YA SIMU
1. Toa namba inayopatikana. Kama simu ni ya jirani, mwambie siku na saa. Toa na namba ya pili.
2. Ichaji simu mapema.
3. Andika, au uandikiwe: maumivu, damu, homa, kutapika, kukonda, na dawa zote unazotumia, hata za kienyeji.
4. Tafuta mahali pa faragha. Mkalimani umchague wewe. Si lazima awe mtoto wako.

WAKATI WA SIMU
5. Kama hukuelewa, sema. Rudia maagizo ya daktari ili akusahihishe.
6. Uliza simu nyingine ni lini, na umpigie nani ukizidiwa.

USISUBIRI SIMU
Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiwa na:
- homa ya 38 au zaidi wakati unatumia dawa za kansa, kwa maana dawa hizo hupunguza kinga ya mwili;
- damu nyingi;
- shida ya kupumua;
- kutapika hata maji.
Ukifika, sema mapema: "Ninatibiwa kansa."

Uvimbe mpya nao unahitaji mkono wa daktari. Omba kuonana naye ana kwa ana.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
- Nyumbani kwetu, mgonjwa anaweza kuongea wapi bila kusikiwa?
- Nani anaaminika kumtafsiria?

Ugonjwa si aibu. Tuwape wagonjwa wetu nafasi ya kusema ukweli.