Majaribio ya vipaji ya kulipia: mzazi wa Goma atoe pesa au aache?

Likizo kubwa ikikaribia, matangazo ya majaribio ya vipaji huzagaa katika simu za wazazi wa Goma: picha ya uwanja wa Ulaya, bendera ya Ubelgiji au Ufaransa, ahadi ya kuonwa na mawakala, na namba ya kutuma pesa. Kwa familia inayohesabu franka za unga na za karo, ada ya dola 100 si pesa ya kubahatisha. Hapa chini nimejibu maswali ambayo mzazi anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa chochote. Katika kila jibu nimefuata jambo moja: pesa inatoka kwa nani, na inamwendea nani.

Nikilipa ada ya majaribio, nanunua nini hasa?

Unanunua siku mbili tatu za mechi mbele ya watu. Gharama za kweli zipo: kukodi uwanja, marefa, mipira, maji, huduma ya kwanza, pengine mpiga video. Zikigawanywa kwa vijana 60 au 80, kila mmoja hubeba sehemu ndogo, na mwandaaji mwaminifu hashindwi kukuonyesha hesabu zake kwenye karatasi. Mchango wa namna hiyo hauna ubaya.

Ubaya huanza pale ada inapopanda mara kumi kwa sababu ya neno "Ulaya". Hapo hulipii tena uwanja, unalipia ahadi ambayo mwandaaji hana uwezo wa kuitimiza, kwa kuwa anayesajili mchezaji ni klabu. Muulize: mwanangu asipochaguliwa, wewe unapata nini? Ikiwa mapato yake ni yaleyale, mtoto achaguliwe asichaguliwe, basi biashara yake ni ada, na vipaji ni tangazo tu.

Wanasema mawakala wa FIFA watakuwepo. Nitathibitishaje?

Omba jina kamili la mtu, lililoandikwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, kanuni za FIFA zinamtaka wakala wa mpira awe na leseni, na leseni hiyo hupewa mtu binafsi aliyefaulu mtihani. Kampuni haipewi. Majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha kuyatafuta.

Kanuni hizohizo zinamkataza wakala kumfuata mtoto, au mzazi wake, mapema kuliko miezi sita kabla ya mtoto kufikia umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Hata muda huo ukifika, lazima kwanza apate idhini ya maandishi ya mzazi. Kwa hiyo anayejiita wakala huku akikusanya watoto wa miaka 12 amejifichua mwenyewe. Akitajwa skauti wa klabu fulani, iandikie klabu kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, usitumie namba uliyopewa na mwandaaji.

Mwanangu ana miaka 15. Akifaulu, klabu ya Ulaya inaweza kumchukua?

Kwa kawaida, hapana. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ruhusa za pekee ni chache: kwa mfano, wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira, au kijana ameikimbia nchi yake kuokoa maisha. Ruhusa ya umri wa miaka 16 inahusu uhamisho ndani ya Ulaya yenyewe, haimgusi mtoto anayetoka Katindo au Ndosho.

Ipo ruhusa moja ambayo watu wa Goma wangepaswa kuijua kuliko wengi, nayo ni ile ya mpakani. Kijana anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya umbali kama huo, mradi aendelee kuishi nyumbani kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Kwa sheria hiyo, mtoto wa Birere mwenye miaka 15 yuko karibu na klabu ya Rubavu, ng'ambo ya mpaka, kuliko klabu yoyote ya Brussels.

Ndani ya Congo kizuizi hicho hakipo. Kuhama kutoka Goma kwenda akademia ya Katumbi, ya TP Mazembe, Lubumbashi, ni uhamisho wa ndani. Lakini hata huko uliza nani analipa malazi, nani anasimamia masomo, na mtoto atarudi lini kuwaona wazazi.

Mtoto akifika mbali, waliomlea kimpira wanapata nini?

Hili ndilo swali linalofichua mengi. FIFA imeweka mchango wa mshikamano: mchezaji anapouzwa kwa klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 huleta asilimia 0.25, na kila msimu wa 16 hadi 23 huleta asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa dola 1,000,000, timu iliyomsajili kwa misimu minne kati ya miaka 12 na 15 inastahili dola 10,000. Tena kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine. Tangu Novemba 2022, malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris.

Maana yake ni kwamba timu inayoamini kipaji cha mwanao ina sababu ya kumngoja. Itampatia leseni ya mchezaji, itatunza rekodi yake, italipwa siku moja. Anayetaka alipwe leo, na mtoto hata hajagusa mpira, amekuonyesha anavyoipima nafasi ya mtoto huyo. Uliza basi: je, timu hii imesajiliwa katika Entente ya mpira ya Goma, chini ya ligi ya mkoa, LIFNOKI? Mtoto asiye na leseni hana historia ya mafunzo, hata kama amecheza kila Jumapili tangu utotoni.

Mwandaaji anataka tumpunguzie mtoto miaka miwili. Anasema wote hufanya hivyo.

Kataa. Mtazame Silas: mchezaji huyu, mzaliwa wa Kinshasa, alijulikana Ujerumani kwa jina la Silas Wamangituka. Mwaka 2021 yeye na klabu yake, VfB Stuttgart, walitangaza kwamba jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba alikuwa na mwaka mmoja zaidi ya ulioandikwa. Alikuwa amekwenda Ubelgiji akiwa kijana kwa majaribio Anderlecht, kisha akawa chini ya wakala wake wa zamani huko Paris. Kwa maelezo ya klabu, wakala huyo ndiye aliyebadili jina na tarehe ya kuzaliwa, akazishika karatasi zake na pesa zake. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30,000.

Silas alikuwa na klabu kubwa ya kumsimamia, ndiyo maana alisimama tena. Kijana asiye na klabu akishikwa na karatasi za uongo hubaki peke yake, na aliyezitengeneza ndiye mwenye siri yake. Umri wa uongo humfanya mtoto mateka wa aliyeuandika.

Jonathan Kuminga alizaliwa hapahapa Goma. Si alipitia njia kama hizi?

Kuminga ni fahari ya mji huu, na historia yake isomwe vizuri. Alikwenda Marekani mwaka 2016, akasoma na kucheza kikapu katika shule za sekondari, na mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchagua wa 7 katika drafti ya NBA. Mlango wake ulikuwa shule.

Huko Marekani wazazi wengi hulipia mashindano ya kuonyesha vipaji, hasa ya besiboli na kikapu, kwa sababu makocha wa vyuo huenda kutazama vijana wengi kwa siku chache, na chuo kinaweza kutoa ufadhili wa masomo. Hata wao hubishana kama pesa hiyo inarudi. Goma hakuna vyuo vya namna hiyo vinavyosubiri kando ya uwanja, kwa hiyo kuiga bei bila kuwa na soko ni hasara tupu.

Ukiahidiwa shule ya Marekani, dai barua ya kukubaliwa iliyotoka shuleni kwenyewe pamoja na fomu ya I-20, ambayo shule hutoa kwa ajili ya viza ya mwanafunzi. Dai pia jina la mlezi atakayeishi na mtoto. Piga simu shuleni. Shule ya kweli hupokea simu za wazazi.

Wanasema mwaliko uko tayari, nitume dola 500 leo kwa simu la sivyo nafasi inapotea.

Haraka hiyo ndiyo dalili. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Hulipwa panapopelekwa maombi, na hairudishwi viza ikikataliwa. Klabu inayomhitaji kijana humwandikia mwaliko bila kumuuzia, na mara nyingi hubeba tiketi na malazi. Fikiria pia safari yenyewe: Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Anayesema mtoto ataondoka wiki ijayo aeleze atapitia wapi, kwa hati ipi, na atalala kwa nani.

Basi ni lini inafaa kulipa?

Lipa mambo haya yakikamilika kwa pamoja:

- Mtoto tayari anang'ara katika mashindano ya Entente ya umri wake, na makocha wa timu nyingine wanamtaja.
- Mwandaaji anajulikana kwenye ligi, na anatoa risiti yenye jina lake.
- Klabu zilizotajwa zimekuthibitishia zenyewe kwamba zitatuma watu.
- Ada haigusi karo, kodi ya nyumba wala chakula cha wadogo zake.

Sharti moja likikosekana, pesa hiyohiyo ina kazi bora. Itumie kupata leseni ya mtoto na cheti chake cha kuzaliwa. Mnunulie viatu vinavyomtosha. Mrekodi mechi nzima, dakika zote 90, simu ikiwa juu usawa wa katikati ya uwanja na namba ya jezi ikionekana. Video ya mabao matupu haimwonyeshi kocha jinsi kijana anavyosimama mpira usipokuwa naye.

Nimeshalipa, na simu haipokelewi tena.

Usione aibu, na usinyamaze. Tunza ujumbe wote na uthibitisho wa malipo. Peleka habari kwa Entente na kwa ligi, wazazi wengine waonywe. Wakala mwenye leseni anaweza kushtakiwa FIFA. Mtoto akiwa tayari ng'ambo na ametelekezwa, wasiliana na ubalozi na shirika la uhamiaji la IOM. Paris kuna Foot Solidaire, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 na mchezaji wa zamani wa Kameruni, Jean-Claude Mbvoumin, kwa ajili ya vijana walioachwa hivyo.

Kama ungenipa ushauri mmoja tu?

Mtoto mwenye kipaji hutafutwa, na anayemtaka kwa kweli hutoa nauli. Wewe mlipie shule, mwandikishe kwenye timu iliyosajiliwa, umngojee afikishe miaka 18 akiwa na jina lake halisi na diploma ya Serikali mkononi. Hapo klabu ikija, atakuwa na cha kuchagua, na isipokuja atakuwa bado na maisha.