Kifo cha Kichocheo: Kwa Nini Sega la Bomba la Moshi Huharibika

Kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba kichocheo huharakisha badiliko la kikemia bila ya chenyewe kupungua. Manganisi dioksaidi ikitiwa katika haidrojeni peroksaidi, oksijeni hutoka kwa kasi. Unga huo ukichujwa, ukakaushwa na kupimwa, uzito wake huwa ni ule ule. Mbona basi kichocheo kilichofungwa katika bomba la moshi la motokaa huweza kufa?

Tutazame kwanza umbo lake. Ndani ya mkebe wa chuma mna kipande cha kauri chenye maelfu ya vitundu vyembamba, mfano wa sega la nyuki. Ndiyo maana mafundi hukiita sega. Kuta za vitundu hupakwa oksaidi ya alumini, na juu yake hutawanywa chembe ndogo mno za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizo ni gramu chache tu, lakini kwa kuwa zimetawanywa, eneo linalokutana na gesi ni kubwa sana. Sega likipata joto la kiasi cha nyuzi 300 za Sentigredi, mabadiliko haya hutendeka:

2CO + O₂ → 2CO₂
2NO + 2CO → N₂ + 2CO₂

Petroli iliyobaki bila kuungua nayo hugeuzwa kuwa maji na kaboni dioksaidi.

Sega huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni sumu. Zamani petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo hufunika uso wa platinamu. Kwa sababu hiyo, masega yalipoanza kufungwa kwa wingi katika motokaa za Marekani za mwaka 1975, ilibidi ipatikane petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Hata hivyo sumu nyingine imebaki: pete za pistoni zikilika, oili huungua, na fosforasi yake hufunika kichocheo vilevile.

Ya pili ni joto. Plagi ikiwa mbovu, petroli hutoka katika silinda bila kuungua, ikaenda kuungua ndani ya sega. Joto likipita nyuzi 1,000, chembe za metali huungana na kuwa kubwa. Uzito haukupungua, ila eneo limepungua. Joto likizidi tena, kauri yenyewe huyeyuka.

Ya tatu ni pigo. Kauri hupasuka mkebe ukigongwa na jiwe, au ukiwa wa moto ukaingia ghafla katika maji baridi.

Sega lililoyeyuka au kupasuka huziba njia ya moshi. Injini hukosa nguvu, hasa mlimani, na petroli huliwa zaidi. Bali sega lililokufa kwa sumu huenda lisimwonyeshe dereva dalili yoyote. Anayeumia ni mpita njia, kwani kaboni monoksaidi hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200.

Wako wanaoliondoa sega lililoziba, na gari likarudiwa na nguvu. Lakini ugonjwa umebaki katika injini, na sumu sasa inatoka bila kizuizi. Wengine hufunga sega jipya bila kutengeneza plagi wala pete; nalo hufuata njia ya lile la kwanza. Sega ni shahidi wa hali ya injini: likifa, tumtafute kwanza aliyeliua.

Maswali

1. Gramu 56 za kaboni monoksaidi zinahitaji gramu ngapi za oksijeni ili zigeuke zote kuwa kaboni dioksaidi? (C = 12, O = 16)
2. Mchemraba wenye ubavu wa sentimita 1 umekatwa kuwa michemraba yenye ubavu wa milimita 1. Jumla ya eneo la nyuso imeongezeka mara ngapi? Jibu lako linaeleza nini juu ya madhara ya joto kali katika sega?