NANI ALIFANYA ZAMBI?
Somo juu ya ndugu aliyepatwa na mabaya

Tusome kwanza: Yoane 9, 1-12, Luka 13, 1-5, Luka 10, 25-37.



Habari ya ajali ikifika kijijini ao mtaani kwetu, sikilizeni neno linalotoka kwanza katika vinywa vya watu. Ni mara chache watauliza: yuko wapi, nani yuko naye, amekula? Wanauliza: alifanya nini, alikosana na nani? Gari likianguka, wanatafuta aliyeliloga. Mtoto akiwa na homa siku ya tatu, bibi mzee wa nyumba anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Mwanamke akirudi kutoka msituni alikopelekwa na watu wa silaha, wanauliza sababu gani alikwenda shambani peke yake.

Swali hili si la leo. Wanafunzi wa Yesu walikuwa nalo. Walipita mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakamuuliza Mwalimu kama aliyefanya zambi ni mtu yule ao ni wazazi wake. Kumbukeni kwamba yule mtu alikuwa pale pale. Macho yake yalikufa, lakini masikio yalikuwa mazima, na kila neno alilisikia. Walizungumza juu yake kama watu wanavyozungumza juu ya mbuzi sokoni. Yesu alikataa majibu yote mawili. Kisha akatema mate chini, akafanya udongo, akampaka machoni, akamtuma akanawe katika ziwa la Siloamu.

Jina hilo la Siloamu tunalikuta tena katika Luka 13, lakini pale ni habari ya kifo. Mnara wa Siloamu ulianguka, ukaua watu 18. Yesu alisema wazi kwamba wale 18 hawakuwapita watu wengine wa Yerusalema kwa ubaya. Ni kweli kwamba neno la toba liko katika somo hilo, na hatuwezi kulificha. Lakini tuone aliambiwa nani: waliambiwa wazima waliokuwa wakisimulia habari, si maiti waliokuwa chini ya mawe.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tuna mnara wetu. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la kubeba mafuta lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na vyombo kuyachota, na gafula moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengine wengi waliungua vibaya, na wafu wengi walizikwa pamoja katika makaburi makubwa. Ni rahisi mtu aseme: walikwenda kuiba mafuta, moto umewalipa. Lakini ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia, na wengi walikuwa wamejaa ndani ya nyumba wakitazama mpira; moto uliwakuta wamekaa. Hao waliiba nini? Na mtoto aliyeshika bidoni, alijua nini juu ya mvuke wa petroli, ambao hauonekani lakini unaweza kuukuta moto wa jiko ulio mbali? Ajali ina sababu zake: barabara mbaya, lori lililopinduka, na umaskini unaofanya bidoni moja ya mafuta kuwa chakula cha juma zima. Sababu hizo tuzizungumze, tena tuwafundishe watoto wetu kukimbia mbali wakiona lori la mafuta limeanguka. Kumhukumu aliyeungua ni jambo lingine.

Wapendwa, sasa tuingie nyumbani mwetu, kwa maana neno hili linagusa zaidi kanisa lenye karama ya unabii. Wakati wa msiba watu wanakuja katika chumba cha maombi wakitaka jina. Wanalia, wanaleta sadaka, wanangoja mwenye maono awaambie ni nani. Naye akitaja shangazi, ao mama wa kambo, ao yatima anayekojoa kitandani, neno lile haliwezi tena kurudi kinywani. Kesho yake mtoto yule analala sokoni. Mgonjwa hakupona, na sasa walioumizwa ni wawili. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya uchawi, nayo inaliweka jambo hilo pamoja na kumtupa mtoto na kumtesa. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaongeza azabu. Ni haya kwetu kwamba sheria ya serikali inatufundisha jambo tulilokuwa nalo katika Yoane 9 miaka yote. Aliyepewa ndoto juu ya mgonjwa, amwombee mgonjwa. Kama katika ndoto ameona uso wa mtu, amwombee na mtu yule pia, na kinywa chake kifungwe.

Kuna tena jambo la woga. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia na Ituri, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walipatwa, na 2,287 kati yao walikufa. Wakati ule kumpeleka mgonjwa mapema kwenye kituo cha matibabu, kutokuosha maiti kwa mikono yetu, kukubali sindano ya chanjo, yote hayo yalikuwa kazi ya upendo. Wako walioyaita upungufu wa imani. Wako walioweka mikono juu ya wagonjwa, wakarudi na ugonjwa nyumbani kwa watoto wao. Basi si kila woga ni zambi. Mungu alitupa woga kama alivyotupa macho.

Lakini zaidi ya watu 1,100 walipona, na hapo woga haukuwa na kazi tena. Wengi walirudi na karatasi ya hospitali iliyoonyesha kwamba wamepona, wakakuta jirani hataki tena kununua nyanya zao wala kukaa nao kiti kimoja. Na ndio hao waliofaa kwa kazi ambayo wengine hawakuweza. Pale Beni na Butembo, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wakitibiwa walihitaji mtu wa kuwabeba na kuwanywesha maziwa. Waliopona walichukua kazi hiyo, kwa sababu miili yao ilikuwa imejifunza kuushinda ugonjwa ule.

Juu ya vita yako mengi, nasi tutachukua moja tu. Hospitali ya Panzi, pale Bukavu, ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2018. Makumi elfu ya wanawake walioharibiwa na watu wa silaha wamepita huko. Daktari anashona mwili. Hana uzi wa kumshona mwanamke ambaye mume wake amemfungia mlango. Ndugu mume, kama kaka yako angevunjwa miguu na wanyanganyi njiani, ungemwambia ametia jamaa haya? Wababa wa kanisa wasiwaachie wamama peke yao jambo hili. Waende wawili kwa mume huyo, wakae naye, warudi hata mara ya tano.

Wapendwa wengine wanauliza: tukifika kwa aliyepatwa, tuseme nini? Rafiki watatu wa Yobu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa maana waliona maumivu yake ni makubwa. Hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Walipofungua vinywa walianza kutafuta zambi yake, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe aliwakasirikia.

Msamaria naye katika Luka 10 hakumuuliza yule mtu sababu ya kushika peke yake barabara ya wezi. Alifunga vidonda, akamimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalala naye katika nyumba ya wageni. Kwetu watu wanamzunguka aliyegongwa na pikipiki, nusu wanampiga dereva, nusu wanamvuta mgonjwa kwa mikono na miguu. Vijana wetu wajue: damu ikitoka, kamata kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usiachilie. Kama shingo ao mgongo umeumia, msimkunje juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni ubao na gari.

Kisha Msamaria alilipa denari 2, yaani mshahara wa siku mbili wa mfanyakazi, akaahidi kulipa zaidi wakati wa kurudi. Neno hilo la kurudi tunalipita mbio. Katika hospitali nyingi za inchi yetu mgonjwa anakula kile jamaa wanacholeta, na anayepona anaweza kuzuiliwa pale pale kwa sababu ya deni. Juma la kwanza kitanda kinazungukwa na wageni mpaka muuguzi anakosa njia, na kwaya inaimba. Juma la tatu, aliyeungua angali anabadilishwa bandeji, na sufuria ya uji haina mwenye kuileta. Wamama wa kila parokia wagawane siku hizo za nyuma, na shemasi mmoja apite pahali pa kulipia, aulize kwa sauti ya chini deni limebaki kiasi gani.