Dondoo muhimu: Biskuti za sokwe na migebuka

Watoto wa Bangwe, Kigoma, wanawajua wanyama wao: samaki mgebuka wa ziwani, sokwe wa Gombe. Waache wawaumbe kwa unga.

Mahitaji: unga wa ngano gramu 250, siagi 125, sukari 100, yai 1, iliki kidogo, kakao kijiko 1.

- Kanda kwa upole. Piga siagi na sukari hadi vilainike, tia yai na iliki, kisha unga. Donge likishikana, acha. Ukizidi kukanda biskuti huwa ngumu.
- Lipumzishe nusu saa mahali pa baridi. Donge la moto hupoteza umbo.
- Sokwe: changanya kijiko 1 cha kakao kwenye nusu ya donge. Sukuma kwa mti wa chapati, kata uso kwa kikombe na masikio kwa kifuniko cha chupa ya maji.
- Mgebuka: viringisha kipande chembamba kama kidole, bana mkia, pasua ncha yake iwe panda. Jicho litobolewe kwa kijiti safi.
- Unene uwe sawa. Mkia mwembamba huungua kabla tumbo halijaiva.
- Huna oveni? Pasha sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, weka sahani ya bati juu ya vijiwe, funika, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika 12.
- Moto ni kazi ya mkubwa. Watoto waumbe, wapambe, wahesabu.

Biskuti zikipoa kabisa, zifungie koponi. Na kila mtoto ale ya mkono wake kwanza. Furaha yake utaiona usoni.