Siku za Kwanza Mangwon-dong, Seoul

Ukitaka kuwajua Wakorea, majumba ya wafalme yasubiri kidogo. Anzia Mangwon-dong, mtaa wa watu wa kawaida magharibi mwa Seoul, wenye nyumba za matofali na vichochoro vyembamba. Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon, panda treni ya AREX inayosimama kila kituo hadi Digital Media City, kisha Laini ya 6. Mangwon ni kituo cha tatu. Nunua kadi ya T-money mapema. Kwenye basi, igonge unapopanda na unaposhuka, la sivyo hupati unafuu wa nauli unapobadilisha usafiri.

Kitakachokushangaza kwanza ni taka. Mapipa barabarani ni ya kutafuta kwa tochi, na bado njia ni safi. Tangu 1995 kila kaya hulipia taka zake kwa kununua mifuko maalumu yenye jina la wilaya. Masalio ya chakula hutengwa. Chupa na karatasi huwekwa kando. Usiku wangu wa kwanza nilitoa taka ndani ya mfuko wa rambo. Asubuhi nikaukuta palepale, na bibi wa ghorofa ya chini amesimama karibu nao. Hakunigombeza. Aliniongoza hadi dukani, akaniashiria mfuko wa kununua, na tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana.

Sokoni nenda na njaa. Soko la Mangwon limeezekwa, hivyo mvua si kisingizio. Onja hotteok, mkate wa kukaanga wenye sukari ya moto ndani, na kalguksu, tambi zilizokatwa kwa kisu ndani ya mchuzi. Visahani vya kimchi na mboga vinavyoletwa pamoja na chakula havilipiwi, na vikiisha unaomba tena. Bakshishi haitolewi. Mama anayehudumu, wateja humwita imo, yaani mama mdogo. Nilipolielewa neno hilo nilijiona niko kwa mama ntilie wetu.

Asiyekula nguruwe akariri neno dwaeji, maana nyama hiyo imo katika vyakula vingi. Laini ileile ya 6 itamfikisha Itaewon, kwenye Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976, na migahawa ya halali iko jirani.

Adabu haitakusumbua ikiwa umelelewa kwa shikamoo. Inamisha kichwa unaposalimu, pokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili, vua viatu mlangoni. Viti vya mwishoni mwa behewa ni vya wazee. Hata vikiwa vitupu, vijana husimama. Na simu ndani ya treni, zungumza kwa sauti ya chini au usipige kabisa.

Ukipotea, namba 1330 huwasaidia watalii saa 24. Polisi ni 112, gari la wagonjwa 119. Ziandike kabla hujapanda ndege.