Kijana Akirudi Nyumbani Baada ya Kuumia Kichwa: Familia Ifanye Nini

Daktari anapomruhusu kijana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, ndugu na majirani humiminika kumshukuru Mungu. Kidonda kimefunga, anatembea, anawatambua watu. Baada ya wiki chache maneno huanza: amekuwa mvivu, hana adabu, anauliza jambo lilelile mara tano. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Mara nyingi hapo hapana uvivu wala uchawi. Ni ubongo ulioumia, na bado unajijenga.

Katika kipindi hiki familia ni kama mirunda inayoshikilia zege bichi. Nyumba inabeba kwa muda kile ambacho ubongo wa kijana hauwezi kubeba, kisha mrunda mmoja mmoja unaondolewa kadiri anavyoimarika. Mkiwahi kuiondoa, ataanguka. Mkiiacha milele, hatajitegemea. Ustadi wote uko katika kujua lini mbebe na lini mmwachie.

Ulizeni kabla hamjatoka wodini

Mwombeni daktari awaeleze ni sehemu gani ya ubongo imeumia. Sehemu ya mbele ndiyo inayopanga mambo, kupima hatari na kuzuia hasira, na kwa vijana huendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu. Ikiumia, aliyekuwa mpole anaweza kufoka mbele ya wageni bila kukusudia.

Ulizeni pia ukali wa jeraha. Madaktari wengi hutumia kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Alama 13 hadi 15 ni jeraha jepesi, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni kali. Alama hizo zinaeleza hali aliyofika nayo hospitali. Peke yake hazisemi atafika wapi. Kwa walioumia vibaya, nafuu huwa ya kasi zaidi katika miezi sita ya kwanza, lakini huendelea hata baada ya mwaka. Yote andikeni kwenye daftari moja, na daftari hilo liende kila kliniki.

Zijueni dalili za kumrudisha hospitali mara moja

Msisubiri kupambazuke mkiona kichwa kinauma kwa kuzidi, anatapika tena na tena, usingizi mzito wa kuamshwa kwa shida, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au majimaji yasiyo na rangi yanatoka puani au sikioni. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujitokeza wiki kadhaa baada ya ajali, kwa hiyo mtu asiseme "si alishapona?"

Akipata mshtuko wa kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na angalieni saa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Dawa za kifafa zisikatishwe bila daktari, hata akionekana mzima, hata baada ya maombi. Mwombeeni, na vidonge anywe. Pombe asiiguse.

Siku yake iwe na mpangilio

Ubongo ulioumia huchoka upesi. Kusoma kurasa mbili kunaweza kumchosha kama kulima nusu siku. Kazi zinazohitaji akili zipangwe asubuhi, kila moja kwa muda mfupi, na mapumziko katikati. Alale na kuamka saa zilezile.

Bandikeni ratiba ukutani kwa maandishi makubwa. Simu ilie saa ya dawa. Funguo, vidonge na daftari viwe na mahali pamoja pasipobadilika. Mpeni agizo moja kwa wakati: "Chukua ndoo," kisha, "Jaza maji." Mnapoongea naye, zimeni redio na televisheni, na wageni waje wawili wawili.

Hasira zitulizeni kwa upole

Akilipuka, msibishane naye wala msimkumbushe alivyokuwa zamani. Punguzeni sauti, waondoeni wadogo zake, mwacheni atulie. Baadaye tafuteni chanzo: ni njaa, kelele, uchovu, au kuulizwa maswali mengi? Kiandikeni, maana kikijulikana huzuilika. Akijitenga, akikosa usingizi au akisema heri angekufa, mwelezeni daktari siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Shule na kazi zirudi kidogo kidogo

Mpelekeeni mwalimu mkuu barua ya daktari. Ombeni aanze kwa nusu siku, akae mbele, aongezewe muda kwenye majaribio na aruhusiwe kupumzika. Mwenye ufundi aanze na kazi za mezani kabla ya mashine na ngazi. Pikipiki, mpira na michezo ya kugongana visubiri ruhusa ya daktari, kwa sababu kuumia tena kabla ya kupona ni hatari kubwa.

Nyaraka zitunzwe

PF3 ya polisi, picha za CT, vyeti vya hospitali na risiti zote vitolewe nakala. Vitahitajika mkidai fidia kwenye bima ya chombo kilichosababisha ajali. Gharama zikiwashinda, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwulizeni daktari kuhusu mazoezi ya viungo, tiba kwa vitendo na tiba ya usemi, na mjifunze mazoezi hayo ili yafanyike nyumbani kila siku.

Mlezi naye ana mwili

Katika familia nyingi mzigo humwangukia mama au dada mkubwa. Gawaneni zamu kwa majina: nani analala naye, nani anampeleka kliniki, nani anapika. Wadogo zake waelezwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss ameandika sana kuhusu huzuni ya kuwa na mtu ambaye yupo lakini si yule mliyemjua. Huzuni hiyo ni halali. Kulia kwa ajili yake si kukosa shukrani.

Itisheni kikao cha familia wiki hii, na kijana awepo. Aanze yeye kusema ni jambo gani moja anataka kulifanya mwenyewe: kufua nguo zake, kwenda dukani, kushika hela yake ya matumizi. Mwachieni hilo, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na mwezi ujao mkae tena kumwongezea lingine.